Mbuzi wa Mulei

Zamani mtu akiimbwa vibaya alitoa mbuzi, akacheka, akaketi kumla pamoja na waliomwimba. Siku hizi mtu akiimbwa vibaya anatafuta wakili.

Hiyo ndiyo tofauti, na anayesema kwamba tuliharibiwa na lami na simu hajui anachosema. Lami haijamdhuru mtu. Tuliharibika siku tulipokosa watu wa kutuimba.

Ndeti wa Kivuva alizaliwa chini ya kilima cha Nuu, upande ule ambao mvua huupita ikienda kuwanyea wengine. Hakusoma. Hakuwa na ng'ombe wa kumfanya aitwe tajiri, wala shamba la kumfanya aonewe wivu. Mali yake ilikuwa koo lake. Alikuwa ngui, yaani mwimbishaji wa mwethya. Na kwa kuwa vijana wa leo wanadhani mwethya ni kikundi cha kukopeshana pesa na kununuliana vikombe, ni lazima waelezwe, hata kama hawatasikia.

Mwethya ilikuwa kijiji kizima kimeshika jembe. Mjane alipotaka nyumba, au mtu alipotaka kuchimba matuta shambani kabla ya mvua, filimbi ilipigwa asubuhi na watu wakaja na majembe, sururu na karai. Hakuna aliyelipwa. Ngui hakuchimba. Alisimama ukingoni, juu ya wachimbaji, na kazi yake ilikuwa kuimba alichokiona. Akimwona mvivu, alimwimba kwa jina. Akimjua mume aliyempiga mkewe jana, alimwimba mbele ya mama mkwe wake. Mchoyo aliimbwa, mlevi aliimbwa, hata chifu aliimbwa, na majembe yakapanda na kushuka kwa mdundo wa aibu ya mtu.

Sheria ilikuwa moja: aliyeimbwa hakuruhusiwa kukasirika. Akikunja uso tu, mama mmoja alipaza sauti, "Mbuzi!" na kila mtu akaitikia, "Mbuzi! Mbuzi!" Jioni mbuzi wake aliletwa, akachinjwa, na mwenye kosa akapewa kipande cha kwanza. Wimbo ambao mbuzi wake ameliwa hauimbwi tena, na atakayeuimba hutoa mbuzi yeye. Lakini wimbo ambao mbuzi wake hajaliwa hauna mwisho. Unaweza kukungoja mpaka mvi.

Sasa, mwaka mmoja mara tu baada ya Uhuru, kijiji kilichimba silanga, bwawa la maji ya mifugo. Kilikuwa kiangazi, udongo mgumu kama kisigino. Miongoni mwa wachimbaji alikuwepo kijana aitwaye Mulei, aliyekuwa ametoka shuleni karibuni na kununua viatu vya kamba. Mulei alipewa sururu asubuhi. Jua halijafika kichwani, akashika kiuno, akasema mgongo unamuuma, akaenda kulala chini ya mgunga. Hakuna aliyemkatalia, kwani maumivu ya mgongo hayaonekani. Lakini akina mama walipokwenda kupakua muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, chakula cha watu wote, walimkuta Mulei ameinama juu ya sufuria, kijiko mkononi, ameinama vizuri kabisa, na upande mmoja wa sufuria umekwisha.

Ndeti alipanda ukingoni. Kwa Kikamba wimbo huo ulikuwa mtamu kuliko unavyoweza kuandikwa hapa, lakini maneno yake ni haya:

Jembe likipita, mgongo unauma.
Unauma, unauma!
Sufuria ikipita, mgongo umepona.
Umepona, umepona!
Mgongo huo ni wa nani?

Na watu wote, pamoja na Kaluki, mama mzazi wa Mulei, wakajibu: "Wa Mulei!"

Wangemsamehe palepale. Lakini Mulei alikunja uso, akaitiwa mbuzi, akasema yeye si mshenzi wa kutozwa mbuzi kwa upuuzi wa watu wasiosoma, akafunga kamba za viatu vyake, akaondoka. Hakuna mtu aliyewahi kukataa. Watu hawakujua la kufanya, kama vile jua limekataa kutua. Kaluki alitaka kutoa mbuzi wake mwenyewe, wakamwambia angoje, kijana atarudi na akili.

Alirudi na tai. Akawa mzee wa kanisa, akawa mwenyekiti wa kamati ya shule, akawa mtu wa kuombwa. Na jambo la kwanza alilolifanya si kujenga wala kuchimba. Alisimama kanisani akasema nyimbo za mwethya ni za kidunia, ni masengenyo yaliyotiwa mdundo, na mkristo hawezi kumwabudu Mungu Jumapili na kumtukana jirani Jumatatu. Watu walewale waliokula mbuzi wa wenzao walitikisa vichwa vyao wakasema amina. Ndeti aliitwa mbele ya wazee, akaambiwa achague.

"Mungu mwenyewe anamwimba mvivu kwenye Mithali," Ndeti akawaambia. "Nilisomewa. Au mlikata ukurasa?"

Akatengwa. Mkewe Nzilani alibaki ndani ya kanisa kwa niaba ya nyumba, na Ndeti akawa anaketi nje ya ukuta Jumapili, akisubiri kumsindikiza nyumbani, akisikia kila kitu na kutosema neno. Mwethya ikajaribu kuendelea na mapambio ya kanisa, lakini pambio halimtaji mtu, na jembe lisilotajiwa mtu halipandi juu. Kidogo kidogo watu wakaanza kutuma watoto, kisha wakatuma udhuru. Silanga likajaa mchanga. Kila mtu aliliona likijaa, na hakukuwa na mtu wa kusema ni nani hajaja kulizoa. Wakasema ni ukame. Ukame! Kama kwamba ukame ulianza juzi.

Ndeti aliacha kuimba mbele ya watu. Aliweka hasira kifuani, na hasira isipotoka kwa mdomo hutoka kwa mikono na macho. Akawa mkali kwa mbuzi, mkali kwa mlango, mkali kwa binti yake wa pekee, Syombua, aliyezaliwa baada ya hayo yote na ambaye hakumjua baba mwingine.

Syombua alikuwa darasa la sita, ile miaka ya maziwa ya shule, alipokuja mwalimu mpya. Mwalimu Mishi alikuwa msichana wa Kiislamu kutoka Malindi, mwenye kitambaa kichwani na Kiswahili laini kilichowafanya watoto wacheke nyuma ya vitabu. Kikamba hakujua hata neno la kuombea maji. Lakini alipenda nyimbo, akaanzisha kwaya ya kwenda kushindana mjini Mwingi, na akatangaza kwamba kabla ya kwenda kutakuwa na siku ya wazazi kuja kusikiliza. Mgeni wa heshima angekuwa mwenyekiti, Bwana Mulei.

Nzilani alimletea mumewe habari hiyo kwa uangalifu, kama mtu anayebeba kaa la moto.

"Baba Syombua, mtoto wako ndiye atakayeongoza kwaya. Amesema uende."

"Kumwimbia Mulei?"

"Kuimba tu. Mgeni ni mgeni."

"Sauti hiyo ameitoa wapi, kwa Mulei? Imetoka hapa!" Alijipiga kooni. "Amelifunga langu, sasa anataka kutumbuizwa na la mtoto wangu. Nitakwenda. Nitamshusha mtoto mbele ya watu wote, na akirudi nyumbani harudi tena shule hiyo. Atachunga."

"Ukimshusha mbele ya watu, hatakusamehe."

"Hata mimi sijasamehe watu, na ninaishi."

Nzilani alimjua. Alikwenda kupepeta kunde, na alipepeta vibaya.

Siku hiyo Ndeti alivaa koti lake la harusi, akachukua fimbo ya kuchungia, akaingia katika uwanja wa shule ambao aliapa hatakanyaga. Ukumbi ulikuwa mpya. Kila jiwe la ukumbi huo lilitoka mtoni kwa mgongo wa mwanamke, na wanawake haohao walikuwa wamesimama nje juani, wakichungulia madirishani, kwa sababu viti vyote vilikuwa vya wageni. Wageni walikuwa wanakunywa soda. Kaluki, mama wa Mulei, ambaye sasa alikuwa bibi kizee wa kuegemea mkongojo, alikuwa dirishani pamoja na wenzake. Hakuna aliyemletea kiti. Mwanawe alikuwa amekaa juu ya viwili, maana kimoja aliwekea kofia.

"Ndeti, hata wewe umekuja?" Kaluki akamwambia. "Leo mvua itanyesha."

"Nimekuja kuchukua kilicho changu, mwaitu," Ndeti akamjibu, kama mtu anavyomwita mama.

"Basi panga foleni. Na mimi nina changu kiko mle ndani, kimevaa tai."

Kwaya ya watoto wadogo iliimba kwanza, wimbo wa Kiingereza juu ya theluji. Walisimama mikono nyuma, shingo zimenyooka, kama watu wanaopigwa picha ya kipande. Wageni walipiga makofi. Ndeti alitema mate vumbini. Theluji, Nuu!

Kisha Mulei akasimama kuhutubu. Alizungumza kirefu juu ya maendeleo, akawaambia wazazi wa madirishani kwamba wao ni wavivu wa kuchanga, na mwishoni akanyoosha mkono kwenye ukuta.

"Ukumbi huu mnaouona," akasema, "nimeujenga kwa mgongo wangu mwenyewe!"

Dirishani palizuka kicheko cha puani, kile cha watu wazima wanaojaribu kujizuia.

"Mgongo gani?" Kaluki akanong'ona, na mnong'ono wake ulisikika mpaka safu ya tatu. "Mimi ndiye niliyeuzaa, na sijauona ukiinama ila mara moja."

Mwalimu Mishi, ambaye hakuelewa kicheko kile, aliharakisha kuingia mbele. "Wageni wetu, sasa wanafunzi watatuimbia wimbo wa kazi wa hapahapa kwenu. Nimeambiwa ni wa zamani sana."

Watoto waliingia pekupeku, wamebeba majembe na karai. Waliinama mstari mmoja, kama shambani. Na Syombua, katika sare iliyofupika, akapanda juu ya dawati, akasimama juu yao. Ukingoni.

Ndeti alikuwa tayari amesukuma mlango na kuingia. Alikuwa katikati ya ukumbi, fimbo mkononi, watu wakivuta miguu kumpisha. Syombua alimwona. Alimjua baba yake na aliijua fimbo ile. Kwa kitambo kidogo mtoto na baba walitazamana, karai la kupigia mdundo likangoja hewani, na kama angeshuka mwenyewe hakuna ambaye angemlaumu.

Hakushuka. Akafungua mdomo.

"Jembe likipita, mgongo unauma!"

Ndeti alisimama kama aliyekanyaga mwiba. Sauti ile haikuwa ya kanisani wala ya redioni. Ilianzia chini, ikakwaruza kidogo njiani, ikatoka kama jembe linavyotoka kwenye udongo. Ilikuwa yake. Ilikuwa yake kabla haijafungwa.

"Unauma, unauma!" watoto wakaitikia, na majembe yakashuka pamoja kwenye sakafu ya saruji.

"Sufuria ikipita, mgongo umepona!"

Hapo sauti ya Syombua ilitetemeka, kwa sababu baba yake alikuwa amepiga hatua nyingine mbele. Watoto wa mstari wa mbele walimwona mzee mwenye fimbo, wakasahau kuitikia. Wimbo ulikuwa karibu kufa pale, kama ulivyokufa mara ya kwanza.

"Umepona, umepona!" akaitikia Ndeti.

Hakuwa ameamua. Koo liliamua lenyewe. Na kutoka madirishani, wanawake waliobeba mawe, waliochimba silanga, waliosema amina siku ile na kujuta njia nzima ya kurudi nyumbani, wakaitikia naye, "Umepona, umepona!" mpaka mabati yakalia. Syombua alinyooka juu ya dawati. Aliuvuta ule mstari wa mwisho polepole, akimtazama mgeni wa heshima machoni, bila haya, bila chuki, kama ngui anavyotakiwa kumtazama mtu.

"Mgongo huo ni wa na-a-ani?"

Kwenye mazoezi watoto walikuwa wakijibu, "Wa fulani." Jina la mtu halitajwi kwenye mazoezi, likitajwa mapema huchacha. Mwalimu Mishi alikuwa akingoja "Wa fulani."

"Wa Mulei!" Syombua akaimba.

"Wa Mulei!" kikajibu kijiji kizima.

Ndeti alicheka. Alicheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi, mpaka akashika bega la mgeni mmoja asiyemjua ili asianguke. Watu waliokuwepo wanasema hawakuwahi kuyaona meno yake ya nyuma kabla ya siku hiyo. Ile hasira ya miaka yote ilikuwa imekaa kooni kama mfupa, na sasa mtoto mdogo amempiga mgongoni na mfupa umetoka.

Mulei alisimama, uso umekunjamana kama begi kuukuu. "Simamisheni upuuzi huu! Nani amemfundisha mtoto huyu?"

"Mbuzi!" sauti nyembamba ikatoka dirishani.

Mulei akageuka. Alikuwa mama yake.

"Mwaitu, nyamaza. Unaniaibisha."

"Nyamaza wewe! Tangu silanga lichimbwe sijapita sokoni bila kuinamisha kichwa. Umekunja uso mara ya kwanza, umekunja mara ya pili. Mbuzi!"

"Mbuzi! Mbuzi!" wakapokea wanawake. "Mbuzi! Mbuzi!" wakapokea watoto kwa majembe na karai, na Mwalimu Mishi, maskini, akidhani hicho ndicho kiitikio cha mwisho, akawapungia mikono waongeze sauti. Mulei alichukua kofia yake akatoka. Tai ilikuwa imepinda.

Nje, Syombua alimfikia baba yake chini ya ukuta.

"Nau, nilidhani umekuja kunipiga."

"Nilikuja kukupiga."

"Na sasa?"

"Sasa fimbo imepotea." Akasafisha koo. "Nani alikufundisha kuliacha jina mpaka siku yenyewe?"

"Wewe. Ukiwanywesha mbuzi huwa unaimba chinichini, ukifika pale unanyamaza. Nikajua jina linangoja. Mama ndiye aliyeniambia ni la nani."

Ndeti alimtazama mkewe Nzilani, mama wa kanisa, aliyekuwa anatazama kilima kwa bidii kubwa.

Kesho yake Kaluki alimleta mbuzi mwenyewe, beberu mwekundu, akimvuta kwa kamba huku ameegemea mkongojo. Mwanawe alikuwa amemkataza. Akina mama walimpika ukingoni mwa silanga lililojaa mchanga, watoto wa kwaya wakala, Mwalimu Mishi naye akala, kwa kuwa mzee Salim wa dukani ndiye aliyeitwa kumchinja kwa kisu chake ili nyama iwe halali kwake. Kipande cha kwanza kiliwekwa kando kwa Mulei. Hakuja. Mbwa walikila. Na wimbo ule ukawa umekwisha, kwa sheria, kwa sababu sheria haisemi mbuzi lazima atolewe na mkono gani.

Lakini Mulei hakuwa mtu wa sheria ile. Alikuwa mtu wa kuandika barua na kunywa chai na wakubwa. Kwaya ilipokuwa bado inajiandaa kwenda Mwingi, uhamisho wa Mwalimu Mishi ulikuwa umeshatiwa sahihi, aende shule fulani huko mbele ya Malili, ambako barabara kuu hupita na watu hawaimbi chochote. Muhula uliofuata ukumbi ulifungwa kwa kufuli, ukawa stoo ya saruji. Watoto wale walitawanyika, wengine Nairobi, wengine kwenye ndoa, wengine kaburini. Yule aliyepiga karai anauza maji ya chupa barabarani na hakumbuki mdundo. Na aliyewafanyia hivyo alizikwa kwa heshima zote, na hakuna aliyesimama kwenye ukingo wa kaburi lake kusema ukweli. Kila mtu alisema alikuwa mchapakazi. Mchapakazi!

Siku ya kwenda Mwingi, Ndeti hakuwa na habari ya barua hizo. Alitoka mapema na mbuzi wake, akasimama kando ya barabara mahali lori lingepita, akiwa na wasiwasi mmoja tu. Wimbo ulikuwa umekwisha. Wataimba nini?

Lori lilikuja likitimua vumbi, watoto wamesimama nyuma wameshikana mabega, Mwalimu Mishi katikati yao akishikilia kitambaa kisipeperuke. Syombua alikuwa mbele, juu ya gunia. Alipomwona baba yake, akagonga paa la dereva, lori likapunguza mwendo.

"Kanisa likipita, koo linauma!" akaimba.

"Linauma, linauma!"

"Binti akiimba, koo limepona!"

"Limepona, limepona!"

"Koo hilo ni la na-a-ani?"

Ndeti akakunja uso. Mtoto wa darasa la sita! Mbele ya watu! Baba yake mzazi!

"La Ndeti!" lori zima likapiga kelele, na kabla hajakunjua uso wake wakaongeza, "Mbuzi! Mbuzi! Mbuzi!"

Alitazama mbuzi wake, akamshika mmoja pembe, yule mnono, akamwinua miguu ya mbele ili waone ni yupi. Watoto wakashangilia. Lori likaongeza mwendo, likapanda mwinuko, na yeye akabaki katikati ya barabara amemshika mbuzi, akicheka peke yake, mpaka vumbi likawafunika wote. Hakuwaona tena wakiwa pamoja.